Jetoni bila unga: nani anayelipwa kwa uaminifu katika soko la picha za kidijitali?

Kila aliyeishi katika kambi ya wahami wa vita anajua jetoni ni nini. Siku ya kuhesabiwa, watu wanaamka usiku na kupanga mstari kabla jua halijatoka. Aliyekuwepo anaandikwa na kupewa jetoni. Aliyekwenda kutafuta kuni, au aliyepeleka mtoto hospitali, anabaki bila kitu hadi hesabu nyingine, ambayo hakuna anayejua itakuwa lini. Siku ya mgao, mwenye jetoni anapata unga, maharagi na mafuta. Asiye nayo anasimama ng'ambo ya kamba, hata kama ndiye aliyefika kambini wa kwanza na kuwasaidia wengine kusimamisha hema zao.

Neno hilo la jetoni sasa limeingia ndani ya simu. Kuna jetoni zisizoshikwa mkononi, zinazoitwa NFT. Ni picha, wimbo au kipande cha video kilichoandikishwa katika daftari kubwa la intaneti linaloitwa blokucheni. Daftari hilo linaonyesha nani mwenye picha leo, nani aliyemuuzia, na siku gani. Picha yenyewe mtu yeyote anaweza kuitazama bila kulipa. Kinachouzwa ni jina la mwenye mali katika daftari.

Masoko yanayouza jetoni hizo yana ahadi moja inayorudiwa kila mahali: jiunge nasi, usiuze, kaa, leta wengine, na siku moja waaminifu watapewa zawadi. Ni maneno matamu. Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia wameyasikia kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram, na baadhi yao wametumia pesa za yuniti, na wengine pesa za chakula cha nyumbani, ili wahesabiwe kati ya hao waaminifu. Ndiyo sababu jambo hili linastahili kuzungumzwa hapa, ingawa linaonekana kuwa la watu wa mbali wenye pesa nyingi.

Katika masoko hayo neno uaminifu limegeuzwa maana. Mwaminifu si yule aliyefanya kazi, wala aliyewapokea wageni, wala aliyebaki wakati wengine wamekimbia. Mwaminifu ni yule mwenye uwezo wa kununua na kutouza.

Tazama mfano unaojulikana zaidi. Kuna picha 10,000 za nyani waliochoka na maisha, ziitwazo Bored Ape Yacht Club, zilizotolewa Marekani mwaka wa 2021. Kunako mwezi wa Machi 2022, wenye picha hizo walipewa zawadi ya uaminifu: sarafu mpya ya kidijitali iitwayo ApeCoin, zaidi ya 10,000 kwa kila nyani. Kwa bei ya siku hizo, zawadi hiyo ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Lakini picha moja tu wakati huo ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 200,000. Kwa hiyo zawadi ilikwenda kwa nani? Kwa mtu ambaye tayari angeweza kununua nyumba kadhaa katika mji wa Bukavu na akachagua kununua picha ya nyani. Na hata yeye, kama hakuuza mapema, aliona sarafu hiyo ikishuka hadi chini ya dola 1.

Zawadi nyingi za namna hiyo hutolewa kwa njia ambayo wahami wanaifahamu vizuri. Kampuni inachagua siku na saa, inapiga picha ya daftari, na yeyote ambaye jina lake limo wakati huo anahesabiwa. Aliyeuza jana yake kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa hahesabiwi, hata kama alikaa na picha hiyo miaka miwili na kuwafundisha wageni mia. Aliyenunua asubuhi ile ile anahesabiwa. Ni kuhesabiwa kwa kambi, tofauti ni kwamba huku hakuna hata kiongozi wa bloku anayeweza kusema: huyu mama ninamjua, alikuwepo, mwandikeni.

Kuna soko lingine, Blur, ambalo lilikwenda mbali zaidi. Lilitoa sarafu yake mwezi wa Februari 2023, likawapa wafanyabiashara alama kwa kadiri walivyonunua na kuuza, na likaweka hata kipimo cha uaminifu kwa asilimia. Kipimo hicho kilipanda kama mtu aliuza katika soko hilo peke yake, na kilishuka kama alipeleka bidhaa zake pia kwa jirani. Mama muuza samaki wa soko la Kituku angecheka. Mteja mwaminifu kwake ni yule anayerudi kwa sababu samaki ni mzuri na kipimo ni halali. Hajawahi kumwambia mtu kwamba akinunua kwa mwenzake wa meza ya pili, atampunguzia asilimia. Wenye pesa nyingi waliuelewa mchezo huo haraka: walizungusha picha zile zile, kununua na kuuza, kwa ajili ya alama tu. Wengi wao hawakumjua msanii na hawakuipenda picha.

Na msanii je? Huyo ndiye angepaswa kuitwa mwaminifu wa kwanza, kwani bila yeye hakuna kitu cha kuuza. Masoko haya yalipoanza, wasanii waliambiwa kwamba kila picha yao itakapouzwa tena, watapata sehemu yao, labda asilimia 5 au 10, siku zote. Wasanii wengi wa Afrika walijiunga kwa sababu ya ahadi hiyo. Mwaka wa 2023 biashara ilipopungua na masoko yakaanza kunyang'anyana wateja, OpenSea, lililokuwa soko kubwa kuliko yote, lilitangaza kwamba malipo hayo ya msanii hayatakuwa tena lazima. Mnunuzi atatoa akipenda. Ahadi ya siku zote ikageuka kuwa bakshishi.

Kwa watu masikini kuna mfano mchungu zaidi, wa mchezo wa simu uitwao Axie Infinity, wa kampuni ya Vietnam. Mwaka wa 2021, wakati wa korona, watu wengi wa Ufilipino waliokosa kazi waliucheza kutwa nzima ili kupata sarafu ndogo ya mchezo huo na kuibadilisha kuwa pesa za chakula. Ili kuanza, mtu alihitaji wanyama 3 wa kidijitali, na bei yao ilifika mamia ya dola. Aliyekuwa hana alikopeshwa na tajiri mwenye wanyama wengi, akacheza, na mapato yakagawanywa. Mchezaji huyo aliitwa mwanafunzi wa msaada wa masomo. Jina zuri, lakini ndani yake kulikuwa na kapita, kulikuwa na kipimo cha kila siku, na anayeshindwa kukifikia alinyang'anywa wanyama wakapewa mwingine. Kisha bei ya sarafu ikashuka. Katikati ya 2021 sarafu moja ilikuwa imepita senti 30 za dola. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya senti 1. Mchezaji alifanya saa zile zile, vidole vile vile. Mwezi wa Machi 2022 wezi wa intaneti waliiba zaidi ya dola milioni 600 katika daftari la mchezo huo. Uaminifu wa wachezaji wale haukupungua hata kidogo, isipokuwa ulikuwa umeandikwa katika kitu ambacho bei yake iko mikononi mwa wengine.

Wazee wa Kongo hawahitaji kuelezwa hadithi hiyo mara mbili. Ni hadithi ya ngazi na mawese.

Hapo ndipo panapofaa kusafiri hadi Lusanga, katika jimbo la Kwilu, upande wa magharibi wa nchi, mahali ambapo mito ya Kwilu na Kwenge inakutana. Ni mbali na Kivu, lakini ndiko kuliko mfano mmoja wa jetoni hizi ambao unafaa kubishaniwa kwa heshima.

Mwaka wa 1911 serikali ya Ubelgiji ilimruhusu Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, kuchukua ardhi ya michikichi hadi hekta 750,000 katika maeneo matano ya Kongo. Lusanga likawa mojawapo, likabadilishwa jina na kuitwa Leverville. Wanaume walipandishwa juu ya michikichi kukata ngazi. Wengi wao hawakuomba kazi hiyo. Ngazi zilikuwa mafuta, mafuta yakawa sabuni, sabuni ikawa utajiri wa kampuni ambayo leo inaitwa Unilever. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya mafuta ilipoanguka duniani, kampuni ilipunguza malipo ya ngazi. Kodi ya serikali haikupungua. Wapende waliasi. Tarehe 8 Juni 1931 waliua afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot. Jeshi la kikoloni lilijibu kwa kuua mamia yao.

Baada ya kifo hicho, Wapende walichonga sanamu ya mti ya Balot. Haikuwa ya kumsifu. Ilikuwa ya kuifunga roho yake yenye hasira isiendelee kuwadhuru, na kuifanya iwatumikie waliobaki hai. Mwaka wa 1972 mtafiti mmoja kutoka Marekani aliinunua huko Kwilu. Mwaka wa 2015 iliuzwa kwa makumbusho ya sanaa ya Virginia, katika mji wa Richmond. Katika miaka hiyo hiyo, Unilever ilikuwa imekwisha kudhamini maonyesho makubwa ya Tate Modern, London, kuanzia 2000 hadi 2012. Ukitaka kujua uaminifu wa wakata ngazi ulilipwa wapi, jibu moja ni hilo: ulilipwa London, katika jumba safi, kwa watu wanaopenda sanaa. Lusanga ilibaki na udongo uliochoka na barabara mbovu.

Mwaka wa 2014 wafanyakazi wa mashamba ya huko waliunda kikundi cha wasanii kiitwacho CATPC, yaani kikundi cha sanaa cha wafanyakazi wa mashamba makubwa ya Kongo, wakiongozwa na mtetezi wa mazingira René Ngongo. Walifinyanga sanamu za udongo wa mto, sura zikapigwa picha na mashine na kumiminwa upya Ulaya kwa chokoleti, wakaziuza. Mwaka wa 2017 sanamu hizo zilionyeshwa New York. Pesa zilirudi Lusanga kununua ardhi. Kuna waliosema, na wana haki ya kusema, kwamba nyuma yao alikuwepo Mholanzi, Renzo Martens, na kwamba jina la mzungu ndilo lililofungua milango. Ni kweli milango ilifunguliwa hivyo. Ila mashamba yaliyonunuliwa hayakuwa ya Mholanzi.

Kikundi hicho kiliomba makumbusho ya Virginia yakiazime sanamu ya Balot, ije Lusanga japo kwa muda. Jibu halikuja kama walivyotaka. Mwaka wa 2022 wakafanya jambo ambalo liliwashangaza wengi: walichukua picha ya sanamu hiyo, wakaigawa kuwa jetoni za kidijitali zaidi kidogo ya 300, na kuziuza. Lengo lilitangazwa wazi tangu mwanzo: kila jetoni itakayouzwa isaidie kurudisha hekta moja ya ardhi mikononi mwa jamii. Makumbusho yalikasirika. Yalisema kwamba picha imetumiwa kinyume cha kanuni zake na kwamba tendo hilo halikubaliki. Wapende walichonga, wajukuu wa wakata ngazi wakaomba kuazima, na aliyelalamika kuibiwa ni yule mwenye kabati la kioo.

Tofauti kati ya jetoni za Lusanga na nyani wa Marekani inapaswa kuelezwa polepole, kwani wajanja wataichanganya. Daftari ni lile lile. Teknolojia ni ile ile. Mnunuzi wa ng'ambo labda ni yule yule, na labda naye alitumaini bei itapanda. Lakini tazama ni nani anayeitwa mwanamemba mwaminifu, na tazama analipwa nini. Katika Bored Ape, mwaminifu ni mnunuzi, na malipo yake ni jetoni nyingine. Lusanga, mwaminifu ni familia iliyokata ngazi vizazi vitatu au vinne na haikuhama wakati kampuni ilipoondoka, na malipo yake ni shamba. Jetoni ilipelekwa sokoni kama ndizi inavyopelekwa sokoni, ikauzwa, na kilichonunuliwa kikarudi nyumbani. Bei ya NFT ikiporomoka, na kweli iliporomoka duniani kote mwaka huo huo wa 2022, hekta iliyokwisha kununuliwa haipungui hata hatua moja. Hadi kikundi hicho kilipoonyesha kazi zake Venice mwaka wa 2024, kilikuwa kinataja hekta 200 hivi zilizorudishwa kwa pesa za sanamu na za jetoni pamoja, na humo wanapanda miti, kakao na mazao ya chakula.

Sasa mwenye macho atasema: hekta 200 ni kitu gani? Ukizilinganisha na zile 750,000 alizopewa Lever katika nchi nzima, ni hekta moja kwa kila 3,750. Ni kweli, na wanaoimba kwamba picha za kidijitali zitakomboa Afrika wanapaswa kuipiga hesabu hiyo kabla ya kufungua mdomo. Kwa mwendo huo, mkoloni angemaliza sabuni zote duniani kabla ardhi haijarudi. Tena, sheria ya Kongo tangu mwaka wa 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia au kikundi kinapata haki ya kuutumia, kwa hati. Kwa hiyo hata shamba linahitaji karatasi yenye jina, na jina hilo liwe la jamii, si la msimamizi, si la mfadhili, si la mtoto wa chifu. Wahami wa Masisi na Rutshuru, ambao wengi wao walirudi kijijini na kukuta mtu mwingine analima shamba la baba yao, wanalijua jambo hilo kuliko mwanasheria.

Kivu nayo imekwisha kuguswa na jetoni hizi, ingawa wengi hawakuona. Kuna picha za kidijitali za sokwe ziitwazo CyberKongz, zilizotokea mwaka wa 2021. Kila sokwe wa kundi la kwanza alimpatia mwenye nayo zawadi ya uaminifu ya kila siku: sarafu 10 ziitwazo ndizi, BANANA. Sehemu ya sanaa za namna hiyo ilipigwa mnada ng'ambo kwa ajili ya kusaidia hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo imepoteza walinzi wengi, na msaada si jambo la kuchekwa. Lakini fikiria sura yake. Mtu aliyekaa kwenye kiti huko mbali alipewa ndizi 10 kwa siku kwa kosa la kutouza picha ya sokwe. Mkulima wa kando ya Virunga, ambaye migomba yake inaliwa na nyani wa kweli, ambaye amekatazwa kuingia msituni kukata kuni, na ambaye vita vimemhamisha mara tatu au nne, yeye katika daftari hilo hayumo. Ikiwa sokwe yupo hadi leo, ni kwa sababu pia ya uvumilivu wa mkulima huyo. Hakuna asilimia inayoupima.

Watetezi wa masoko haya wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Wanasema hakuna aliyelazimishwa. Kila mtu alisoma masharti, akabonyeza kidole, akaingia. Wanaongeza kwamba zawadi yoyote inahitaji kipimo, na kipimo cha daftari hakina ndugu wala kabila: hakimpendelei shemeji wa kiongozi, kama inavyotokea katika mgao wa kambini. Hoja hiyo ya pili ina nguvu. Kila muhami amewahi kuona jetoni ya unga ikienda kwa mtu asiyelala kambini, na jina la mjane likipotea kwenye orodha. Daftari lisilofutika lingeweza kusaidia hapo.

Lakini daftari lisilofutika linatunza kile tu kilichoandikwa ndani yake. Likiandikwa nani amenunua, litatunza milele nani amenunua. Halijui nani alimpokea yatima. Halijui nani alikimbia usiku bila simu, akapoteza namba, akapoteza maneno ya siri ya kufungulia mkoba wake wa kidijitali, na pamoja nayo kila kitu alichokuwa nacho. Katika mji wenye umeme wa kweli na amani, kusema kaa nasi usiondoke ni maneno ya biashara tu. Mtu aliyetoka Kibumba kwenda Kanyaruchinya, kutoka Kanyaruchinya kwenda Bulengo, na ambaye mwanzoni mwa 2025 aliambiwa tena avunje hema na kuondoka, huyo akiambiwa kwamba zawadi ni ya wale wasioondoka, amekwisha kufukuzwa kabla hajaingia.

Kuhusu kutolazimishwa, wakata ngazi pia waliwekewa karatasi na kuambiwa watie kidole.

Kuna pia swali la siku soko linapofungwa. Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, ilianzisha mwezi wa Desemba 2022 mpango wa majaribio ulioitwa Odyssey. Wateja waaminifu walikusanya mihuri ya kidijitali, wengine wakaiuza na kuinunua kwa pesa za kweli. Tarehe 31 Machi 2024 mpango ulifungwa. Hakukuwa na vita, hakukuwa na wizi. Kampuni iliona haufai tena, basi. Mwisho wa 2024 tawi la Nike lililouza viatu vya kidijitali, RTFKT, nalo likatangaza kufunga kazi. Mihuri bado imo katika daftari. Unaweza kuionyesha. Kikombe cha kahawa hakitoki.

Ikiwa kampuni zenye jina na jengo zinaweza kufunga mlango hivyo, itakuwaje kwa kikundi cha Telegram kisicho na ofisi, kinachomwambia kijana wa Uvira atume dola 20 kwa Airtel Money ili awe mwanamemba wa ngazi ya dhahabu, kisha alete watu watano ili apande kuwa almasi? Hapo si sanaa tena, wala si teknolojia. Ni mviringo wa zamani wa kula pesa za waliochelewa kuingia, umevikwa picha. Anayeleta jirani yake anaitwa mwaminifu, kumbe uaminifu wake kwa kundi ni usaliti kwa jirani. Na siku kundi linafutwa, mwenye kulifuta yuko mbali. Anayebaki kukutana na jirani kwenye bomba la maji ni kijana.

Kwa hiyo mtu anayekuja katika mtaa, kanisa, msikiti au kambi na habari ya jetoni za waaminifu, aulizwe mbele ya watu wote, tena aulizwe na akina mama, maana ndio wanaojua bei ya unga. Nani amehesabiwa, na aliyekuwa amekimbia siku ya hesabu ana nafasi gani? Mtandao ukifungwa kesho, nini kitabaki hapa, na hati yake ina jina la nani? Anayelipwa ni aliyefanya kazi au aliyenunua? Na kama picha ni ya sokwe wa Virunga, ya sanamu ya mababu au ya sura ya mtoto wa kambini, ni sehemu gani ya pesa inarudi mahali picha ilipochukuliwa, na nani ameiandika ahadi hiyo? Asiyeweza kujibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwa karatasi, apewe maji ya kunywa na aonyeshwe njia.

Lusanga yenyewe haijamaliza kesi yake. Mwaka wa 2024 makumbusho ya Virginia yalikubali kuiazima sanamu, na Balot akarudi Kwilu, akawekwa katika jumba jeupe ambalo kikundi kilizindua mwaka wa 2017 kwenye ardhi ya zamani ya kampuni. Watu wa Venice walimwona kwa njia ya kamera tu. Watu wa Lusanga walimwona kwa macho. Ilikuwa kuanzia Aprili hadi tarehe 24 Novemba, siku ya kufungwa kwa maonyesho ya Venice. Ilikuwa azima, na mwenye mali katika karatasi bado ni makumbusho ya Richmond. Jetoni za picha yake ziko mikononi mwa wanunuzi waliotawanyika duniani, na bei yao ya leo ni juu yao. Mashamba yako Lusanga, na wanaoyalima ni wajukuu wa wakata ngazi.